Bibi Shamba na Mizizi Mitupu

Watu wengi wakiingia kwenye shamba la maharage hutazama majani. Yeye hapana. Alifika, akakusalimia, akauliza habari za wagonjwa wa nyumba yako mmoja mmoja, hata wa mguu, hata wa jino, halafu akainama akashika shina moja lililoanza kutoa maua, na wewe ukiwa bado unajibu habari ya jino, ameshaling'oa. Hakuling'oa kwa nguvu. Alilegeza udongo kwa kidole, taratibu, kama mama anayemvua soksi mtoto aliyelala.

"Ng'oa tuone," ndiyo ilikuwa kauli yake. Mahali popote, hata msibani. Ukimwambia fulani kanenepa, anakuambia ng'oa tuone.

Nitamwita Bibi Shamba kwa sababu huku kwetu juu ya Gonja ndivyo tulivyomwita sote, wakubwa kwa wadogo. Jina lake nalijua. Siliandiki, kwa sababu ninayoandika hapa ni habari zake na kosa langu juu yake, na kosa ni langu peke yangu. Nilimharibia kazi, nikamwacha alaumiwe mbele ya watu, na miaka nikakaa kimya. Nimesema mapema ili msije mkadhani namsifu tu.

Mimi shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo yale ya kitaalamu nayaeleza kama nilivyoyasikia kwake. Alikuwa na ukucha wa dole gumba mrefu kuliko mwingine, na huo ndio ulikuwa kisu chake. Mzizi ukishatoka alitafuta vile vinundu, vile vidude kama mbegu za ulezi zilizogandia kwenye mizizi, ambavyo sisi miaka yote tulidhani ni ugonjwa. Baba yangu aliwahi kung'oa shamba zima kwa kuviogopa. Bibi Shamba alikipasua kinundu kwa ule ukucha. Kikiwa chekundu ndani kama nyama, alicheka peke yake. "Huyu anafanya kazi." Kikiwa cheupe, au cha kijani, alikitupa. "Huyu amepewa chumba, anakula, na hafanyi lolote." Halafu alimtazama jirani yangu Eliamani, ambaye alikuwa akiishi kwa wakwe zake wakati huo, na watu wote wakacheka, na Eliamani akacheka pia maana angefanyaje.

Alikuwa mtu wa ajabu ajabu. Mwanamke aliyeishi na mikono udongoni, lakini akiona nyungunyungu anaruka na kupiga ukelele hadi kofia inaanguka. Alitufundisha maharage miaka na miaka na yeye mwenyewe hakuyala. Makande, chakula chetu Wapare, ukimpa alichagua mahindi punje moja moja na kuyaacha maharage pembeni ya sahani, akisema yanamletea kiungulia. Mke wangu alikasirika mwanzoni. "Mtu gani huyu anatuhubiria asichokila?" Baadaye akawa anampikia ndizi.

Chumba alichopanga pale Gonja kilikuwa na ua moja, limepandwa kwenye kopo la mafuta, limekauka. Nilimwuliza. Akasema, "Hilo halina mtu wa kuniuliza limefikia wapi, baba, nikalisahau." Aliniita baba, au mzee, na kila asubuhi shikamoo, ingawa alikuwa na cheti na mimi sina. Mimi nilimwita mama, ingawa namzidi miaka kumi au zaidi.

Na jambo jingine. Kabla yake sijawahi kumsikia mtu wa serikali akisema "sijui." Mabwana shamba waliotangulia walijua kila kitu. Unamwuliza mvua itanyesha lini, anakujibu tarehe. Huyu aliulizwa, akafikiri, akasema, "Hilo sijui. Tupande tuone." Wazee wengine walimdharau kwa hilo. Mimi nilimpenda kwa hilo, na ndiyo maana linaniuma zaidi.

Sasa nije kwenye unga.

Siku hiyo tulikutana nje ya ghala la kahawa, kikundi chetu kizima. Alikuja na bodaboda kutoka Same, njia yote ile ya tambarare kwenye jua linalopasua midomo, na mapajani ameshika ndoo kama ameshika mtoto. Ndani ya ndoo mchanga uliolowa, ndani ya mchanga pakiti ndogo zimefungwa kwenye khanga yenye maji. Yeye mwenyewe alikuwa amepauka vumbi hadi kope, lakini kitu cha kwanza alichofanya ni kuingiza mkono mchangani. "Bado ni baridi," akasema. Ndipo akaomba maji ya kunywa.

Akatueleza kwamba mle ndani mna unga wenye bakteria wa vinundu, wa aina mbili. Aina ya kwanza ni wale wa kawaida. Aina ya pili ni wapya, waliotoka kituo cha utafiti, nao wanatoa homoni kwa wingi zaidi.

Aliposema homoni wanawake wakatazamana. Mama Upendo, mnene wetu mchekeshaji, akanyoosha mkono.

"Bibi Shamba, ni zile za kliniki? Za sindano ya miezi mitatu?"

"Ni jamaa zake, lakini si zenyewe."

"Basi maharage yangu yameshapangiwa uzazi!"

Ghala nyuma yetu lilitikisika kwa kicheko. Eliamani naye, "Na sisi wanaume tukiyala je?"

"Wewe una watoto tisa," Mama Upendo akamwambia, "ungeanza kuyala zamani."

Bibi Shamba alicheka hadi akafuta machozi kwa khanga ya bakteria. Halafu akachukua mzizi, akaeleza, na mimi naeleza alivyoeleza. Homoni ni neno moja dogo linalotumwa ndani ya mwili. Kama binti anapovunja ungo, hakuna aliyemvuta akarefuka. Kuna kitu kidogo sana kwenye damu kimeuambia mwili, sasa hapa kua. Mmea nao una zake. Basi bakteria akiingia kwenye mzizi anatengeneza homoni inayofanana na ya mmea wenyewe, na inauambia mzizi, hapa vimba, hapa nijengee chumba. Mzizi unajenga. Bakteria anakaa humo, anachukua hewa hii hii tunayovuta, anaigeuza mbolea, mmea unamlipa sukari.

"Sasa hawa wapya wanatuma hilo neno kwa nguvu," akasema. "Huenda vinundu vikawa vingi na vikubwa. Huenda mzizi ukavimba bure tu bila kazi, maana homoni ikizidi nayo ni taabu. Kwa udongo wa huku, sijui. Hakuna anayejua. Ndiyo maana nataka ngazi tatu, matuta matatu ya mteremko, za shamba la mtu mmoja."

Akachagua shamba langu, kwa sababu liko kando ya njia na linapata zamu ya maji ya ndiva, bwawa letu la kumwagilia, siku ya Ijumaa. Ngazi ya juu mbegu tupu, ya katikati unga wa kawaida, ya chini unga mpya. Alipaka mbegu ule unga mwenyewe, kivulini, kwa uji mwepesi wa sukari, akatukataza hata kusimama vibaya jua likapita.

Alipomaliza akanishika mkono. Hii nataka muisikie vizuri.

"Baba, yakiwa bado machanga yatapiga umanjano siku kadhaa. Usiogope. Mzizi utakuwa una njaa, na hiyo njaa ndiyo inaufanya umwite bakteria. Ukiushibisha hauiti mtu. Usiweke mbolea ya kukuzia. Hata kidogo. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mama."

"Hata ngazi moja."

"Mama, mimi si mtoto."

Yakaota vizuri. Halafu, kama alivyosema, yakaanza kupauka, yakawa na rangi ya mtu aliyetoka kulazwa. Ngazi zote tatu. Na shamba langu, nimesema, liko kando ya njia. Kila anayeshuka Gonja anapita. Eliamani hakukosa siku.

"Mzee, hayo maharage yana homa? Tuyapeleke zahanati?"

Siku nyingine, "Mzee, homoni zimeingia kweli. Yamekataa kuzaa kabla hayajaolewa."

Nilicheka naye. Lakini ilinichoma. Mimi nilikuwa mkulima anayeitwa kuonyesha wengine namna ya kunyoosha mistari. Na tangazo lilishatolewa kanisani kwamba wageni wa kituo cha utafiti wangekuja kutazama shamba langu, na jina langu lilisomwa lote. Nikawaza, watakuja watu wa magari, watakuta manjano, watasema mzee huyu ndiye mlisema mkulima? Sikuwaza kuhusu bakteria. Sikuwaza kuhusu yule mama. Nilijiwaza mimi.

Jumapili nikasema mgongo unauma. Mke wangu akaenda ibadani peke yake. Nyumbani nilikuwa na urea, mbolea ya kukuzia iliyobaki ya mahindi, kwenye debe. Kwa mahindi sisi tunapima kwa kizibo cha soda, kizibo kimoja shina moja, ndivyo tulivyofundishwa. Nikachukua debe na kizibo nikashuka shambani, kengele ya kanisa inalia ng'ambo ya bonde. Maharage ni madogo, nikajiambia, nusu kizibo kinatosha. Nikaanza ngazi ya juu. Nikafikiri, nikiweka moja tu itaonekana. Nikaweka zote tatu. Nusu kizibo, nusu kizibo, nafukia kwa kidole, nasogea. Wakati wanaimba wimbo wa kumalizia nilikuwa nanawa mikono.

Mke wangu aliporudi alisimama mlangoni akanitazama.

"Mgongo umepona?"

"Una nafuu."

"Naona, maana umeinama hadi magoti yana udongo."

Hakuuliza tena. Jumanne mvua ikanyesha, na kufikia wiki iliyofuata maharage yangu yalikuwa kijani cha kuumiza macho, ngazi zote tatu sawasawa. Eliamani akapita, akasimama, akavua kofia. Nilifurahi, sitawaficha. Nilifurahi siku nyingi.

Bibi Shamba alikuwa amepelekwa Ndungu kwenye mpunga wakati huo. Alirudi siku ile ile ya wageni, ndani ya gari lao. Aliposhuka akaona ule ukijani, nikaona uso wake. Hakufurahi. Alinitazama kidogo, akatazama ngazi ya juu, ile ya mbegu tupu, ambayo nayo ilikuwa imenona kama wenzake. Alitaka kusema kitu. Lakini watu walikuwa wamejaa hadi kwenye migomba, na kijana mmoja wa wageni, mwenye buti mpya, akasema, "Mama, tuonyeshe basi."

"Ng'oa tuone," akasema, lakini safari hii kwa sauti ndogo.

Waling'oa ngazi ya chini, ya unga mpya. Mizizi myeupe, mirefu, mitupu kama uzi. Wakang'oa shina jingine, hivyo hivyo. Ngazi ya katikati, vinundu viwili vitatu kama vichwa vya sindano. Alivipasua kwa ukucha. Vyeupe. Aling'oa mwenyewe mashina kumi, kumi na tano, amepiga magoti, na nyungunyungu mkubwa akapita juu ya kidole chake wala hakumwona.

Yule kijana wa buti akauliza, "Huu unga uliusafirisha vipi?"

"Kwa bodaboda. Kwenye mchanga uliolowa."

"Kutoka Same? Na jua lile?" Akageukia wenzake. "Basi hawa bakteria walifika wamepikwa. Mama, ulituletea supu."

Watu wakacheka. Wale wale waliocheka ghalani, lakini kicheko hakikuwa kile. Bibi Shamba akanigeukia mimi mbele ya wote.

"Baba, hukuweka kitu chochote humu?"

Alinipa nafasi. Mlango aliufungua wazi, nilichotakiwa ni kupita. Nikatazama watu, nikamtazama Eliamani.

"Hapana, mama. Kama ulivyoniachia."

Akainamisha kichwa. "Basi inawezekana ni jua," akasema. "Inawezekana niliwaua mimi."

Mngedhani huo ndio mwisho wa ubaya wangu, lakini baya kuliko hilo lilikuja siku ya tatu. Alipanda kwa miguu kutoka Gonja hadi kwangu, na mbegu za maharage kichwani, debe zima. Akakaa kwenye benchi letu, akakataa ndizi.

"Baba, nimekuja kukuomba radhi. Nimekupotezea msimu, na nimekuaibisha mbele ya wageni. Hizi mbegu ni za kufidia."

Anaomba radhi kwangu! Mke wangu alikuwa jikoni. Nikasikia mwiko umeacha kugonga sufuria. Ananisubiri. Na mimi nikasema, "Usijali, mama. Ni mambo ya kawaida." Nikapokea debe. Zile mbegu nilizipanda, tukazila. Mke wangu hakuzila. Alisema zinamletea kiungulia.

Baada ya hapo yale majaribio yalihamishiwa mbali, na yeye akawekwa kwenye kuandika chanjo za kuku. Aliendelea kupita huku kwetu, lakini alikuwa mtu mwingine. Aliuliza jambo moja mara tatu. Alishika kitu, halafu anahakikisha kama amekishika. Na ukimwambia lolote hakusema tena ile kauli yake. Watu walisema anazeeka. Mimi nilijua ni nini, na nikawa namkwepa. Nikiona kofia yake kwenye njia napita kwenye kahawa. Miaka yote hiyo niliketi barazani nikisimulia watu hadithi za fisi na za wazee wa ukoo, na wakinisifu kwamba sina siri mdomoni.

Mwaka huu tukasikia amestaafu yuko Same, na goti limefanyiwa upasuaji. Mke wangu akafunga mkungu wa ndizi.

"Nenda ukamwambie."

"Mama watoto, ni mambo ya zamani."

"Ndizi zinaiva. Na usinirudie hapa na habari za barabarani."

Nilimkuta uani kwake, mguu juu ya stuli, anachambua mchele. Alifurahi, alihangaika kutaka kuinuka. "Shikamoo baba! Mgongo? Mama hajambo? Na lile jino lake?" Nikaona nikikaa nikanywa chai sitasema. Nikasema nikiwa nimesimama, mkungu bado begani.

"Mama, ile Jumapili niliweka urea. Kwa kizibo. Ngazi zote tatu. Bakteria wako hukuwaua wewe."

Mkono ukabaki ndani ya mchele.

"Kiasi gani?"

"Nusu kizibo kila shina."

"Yakiwa na wiki ngapi?"

"Ya tatu inaisha."

Akawa anahesabu midomo ikicheza. Nilidhani atalia, au atasema alijua siku zote, kama wanavyosema watu wema. Hakujua. Nilimwona akijua hapo hapo, kidogo kidogo.

"Kwa hiyo ule unga ulifika mzima."

"Nadhani hivyo, mama."

"Hudhani. Hujui. Na mimi sijui. Ule mpya ungefanya nini kwenye ule udongo, hakuna atakayejua, kwa sababu haukupewa nafasi ya kuitwa." Akasukuma ungo pembeni. "Unajua nilifanya nini baada ya pale? Watu wa Maore walinifuata, wa Ndungu, hadi wa kule Jipe. Wanaomba unga. Hata ule wa kawaida, ambao kwingine umeshathibitika. Nikawaambia huku kwetu haufai, jua linaua, nimejaribu mwenyewe. Niliwaambia kwa moyo mmoja. Wewe ulidanganya mara moja, baba. Mimi nimeutembeza uongo wako kijiji kwa kijiji, nikiamini."

Nikatua mkungu. Nikasema nisamehe. Nikasema mara nyingi.

"Nitakusamehe," akasema, "lakini si leo. Leo nina hasira. Kaa hapo."

Nikakaa. Akavaa miwani, akatoa simu, akatoa na daftari lake kwenye mfuko wa nailoni, majina na namba za wale walioomba unga, mistari kwa mistari. Akabonyeza, akaweka sauti ya nje, akanipa. Ikaita. Ikapokelewa na mwanamke, nyuma yake mbuzi wanalia.

"Haloo, nani mwenzangu?"

Nilimtazama Bibi Shamba. Hakunisaidia. Nikataja jina langu, na la baba yangu, na kijiji, nikasema mimi ndiye niliyeharibu yale maharage ya majaribio, na unga haukuwa na kosa, na aliyeuleta hakuwa na kosa. Nikarudia.  Yule mwanamke akauliza, "Sasa mzee, misimu yote hii tungekuwa tunapanda na huo unga?"

"Ndiyo," nikasema. "Mngekuwa mnapanda."

Akakata.

Nikamrudishia simu Bibi Shamba. Akaweka kidole kwenye jina la pili, akabonyeza, akanipa tena.